Feni ya AC ya Noah: resista, kaboni, mota ya mtumba au mota mpya?

Noah ikiacha kupuliza, fundi wa kwanza atakuambia gesi imeisha, wa pili atakuambia mota imekufa. Wa kwanza mwondoe mapema. Gesi ikiisha, upepo hutoka vilevile, ila ni wa joto. Upepo usipotoka kabisa, ukitoka kwa spidi moja tu, au ukiwa mwembamba kama pumzi ya mgonjwa, kasoro iko kwenye umeme wa feni au kwenye njia ya hewa. Na feni ni hiyo moja kwa baridi na kwa joto: inasukuma hewa ipite kwenye eveporeta (kipoza hewa cha AC), kisha kwenye hita. Ikifa huna AC Dar es Salaam, huna hita Makambako alfajiri, na mvua ikinyesha kioo cha mbele kinajaa ukungu ukiwa barabarani.

Huyo wa pili, wa mota, anaweza kuwa sahihi. Shida ni kwamba njia za kutengeneza ziko nne na bei zake zimepishana sana, na wengi huanza kwa kununua kabla ya kupima. Tunazungumzia Toyota Noah na ndugu yake Voxy, zile za zamani za SR40 na SR50 pamoja na AZR60 na AZR65 za 2001 hadi 2007, kwa sababu ndizo zimejaa kwetu na nyingi bado zinabeba abiria. Minivani nyingine za usukani wa kulia hazitofautiani sana: feni iko kushoto, nyuma au chini ya droo ya dashibodi, miguuni pa abiria wa mbele.

Kwanza jua gari lako ni la namna gani

Tazama kidhibiti cha AC. Kama kina kitufe cha kuzungusha au cha kusogeza chenye hatua zinazohesabika, mara nyingi nne, gari lako linatumia resista, kipande kinachopunguza umeme wa feni. Kama kina kioo cha tarakimu, unachagua nyuzi joto na feni inapanda na kushuka yenyewe, linatumia transista ya nguvu, kipande chenye mapezi ya alumini ya kupoza. Vyote viwili hukaa mahali palepale, ndani ya njia ya hewa karibu na mota, vimefungwa kwa skrubu mbili. Ndiyo maana watu hurudi dukani wakiwa wamenunua kisicho chao. Njia ya salama ni kuking'oa kilichopo na kwenda nacho mkononi, ulinganishe idadi ya pini na umbo la soketi.

Dalili zenyewe zinasema mengi. Kwenye gari la resista, feni ikifanya kazi kwenye hatua ya mwisho tu, hakika karibu yote ni resista, kwa sababu hatua ya juu kabisa haipiti kwenye resista: umeme unakwenda moja kwa moja. Ikikosekana hatua moja ya kati, ni koili moja ya resista imekatika au mguu mmoja wa swichi umeungua. Hatua ya juu peke yake ikikosekana huku nyingine zipo, acha resista, angalia swichi na waya wake. Feni isipofanya kazi kokote, anza na fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Ikifanya kazi baada ya kupiga ngumi chini ya dashibodi, usijipongeze. Kaboni za mota, vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha na hazigusi tena vizuri.

Kwenye gari la transista mambo hugeuka. Transista iliyoungua kwa kushikana huacha feni ikikimbia kwa nguvu zote hata ukipunguza. Iliyokatika haipitishi kitu. Baadhi ya magari yana rilei ya spidi ya juu inayoiruka transista, na hapo dalili itafanana kabisa na ile ya resista.

Kuna kasoro moja inayowadanganya hata mafundi wazoefu. Upepo unaanza vizuri, baada ya nusu saa unafifia huku feni ikisikika inanguruma, ukizima AC dakika kumi unarudi. Hapo feni ni nzima. Eveporeta imeganda barafu, na hewa haina pa kupita. Wewe unatafuta kihisio cha eveporeta, kiwango cha gesi au filta ya hewa iliyoziba.

Vipimo kabla ya kufungua pochi

Toa filta ya hewa nyuma ya droo kwanza. Ukiona kapeti la vumbi, majani na manyoya ya panya, safisha uone kama upepo unarudi. Noah nyingi hazijabadilishwa filta tangu zishuke bandarini. Wengine wameitupa kabisa, na hapo majani kutoka chini ya waipa hudondokea moja kwa moja kwenye gurudumu la feni. Sauti ya tkr-tkr-tkr inayobadilika na spidi mara nyingi ni jani, si mota.

Halafu fyuzi. Ya hita mara nyingi ni ya 40 A. Soma kifuniko cha boksi la fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine ya kiwango kilekile. Ikiungua tena papo hapo, kuna waya unaogusa bodi au mota imekwama, na kuweka waya wa shaba badala ya fyuzi ni kuomba moto ndani ya dashibodi.

Sasa soketi ya mota. Kwenye Toyota nyingi za zama hizi, chanya kinatoka kwenye rilei hadi kwenye mota, na resista pamoja na swichi viko upande wa kurudi, yaani upande wa hasi. Kwa hiyo ukiweka taa ya kupimia kati ya waya wa mota na bodi, inaweza kuwaka kwenye nyaya zote mbili na ukadhani kila kitu ni kizima. Pima kati ya nyaya mbili za mota zenyewe.

Testa ya volti nayo inadanganya, maana haivuti umeme. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti 12 bila aibu. Chukua balbu ya taa kubwa ya 55 W, iunge kwenye soketi ya mota badala ya mota, kisha panda hatua moja moja. Balbu hiyo inavuta kama ampia 4.6. Kwenye gari la resista inatakiwa iwake hafifu kwenye hatua ya kwanza na iongezeke hadi ya nne. Ikifanya hivyo, swichi, rilei na resista ni vizima, mshtakiwa ni mota. Ikiwaka hatua ya mwisho tu, umeshajua.

Mota nayo ipimwe peke yake: ing'oe, iunge kwenye betri kupitia fyuzi ya 30 A, uishike vizuri maana inaruka ikianza. Kisha irudishe mahali pake, washa injini, weka spidi ya juu, na pima ampia kwa mita ya koleo inayobana waya bila kuukata. Hakikisha ni ile inayosoma umeme wa DC, yaani wa betri. Nyingi za bei rahisi zinasoma umeme wa nyumbani tu. Mota nzima ya ukubwa huu inacheza kati ya ampia 12 na 20. Ikikaribia 25, imechoka. Wakati huohuo pima volti kati ya nyaya zake mbili: isipungue zaidi ya volti moja hivi chini ya betri. Ikipungua zaidi, kuna soketi au rilei inayokula umeme, na ukinusa utasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

Kipimo hiki cha ampia ndicho kinachoamua kati ya njia nne. Watu hukiruka kwa sababu mita ya koleo haimo kwenye kila gereji.

Resista peke yake

Ndiyo njia ya bei ya chini na ya haraka: skrubu mbili, soketi moja, dakika 30 hadi 40 kwa mtu asiyewahi kufanya. Kama umeme wa mota uko sawa, hapa ndipo pa kuishia.

Kama hauko sawa, resista mpya ni mshumaa. Resista inageuza umeme kuwa joto, na joto hilo linapanda kwa mraba wa ampia. Chukua mfano wa resista ya omu 2 kwenye hatua ya kwanza. Mota nzima ikivuta ampia 4, resista inabeba 4 × 4 × 2, yaani wati 32. Bushi za mota, pete zinazoshika mhimili wake, zikikauka ikaanza kuvuta ampia 6, wati zinakuwa 72. Ampia zimeongezeka nusu, joto limezidi mara mbili. Fyuzi ya 40 A haijali hata kidogo, kwa sababu ipo kulinda waya, si resista. Kinachokatika ni kifyuzi cha joto kilichomo kwenye resista yenyewe, au koili. Resista ya tatu ndani ya mwaka mmoja maana yake ni mota inalalamika.

Filta iliyoziba ina mchango wake, ila si ule unaodhaniwa. Feni ya aina hii ikizibwa hewa huvuta ampia chache zaidi, kwa sababu haina cha kusukuma. Kinachoumia ni resista kukosa upepo wa kuipoza, maana imewekwa ndani ya njia ya hewa makusudi.

Tazama na soketi yake. Ikiwa plastiki imegeuka kahawia au pini moja imelegea, badilisha soketi pamoja na resista, hata kama muuzaji anasema inatosha kusafisha. Pini iliyolegea inachemka, inaunguza pini mpya, na wiki tatu baadaye uko palepale. Unganisha nyaya kwa kubana na kiungio cha shaba kisha uvalishe mpira unaonywea kwa joto. Kusokota kwa mkono na kufunga selotepu hakuwezi mzigo huu. Nyaya za mota ziwe za 4 mm², za 2.5 mm² ndiyo uchache wake.

Resista za kuiga nyingine hazina kifyuzi cha joto. Zinadumu kweli, lakini mota ikikwama hakuna cha kukata kabla plastiki ya njia ya hewa haijaanza kuyeyuka. Itafute yenye kifyuzi, kile kitone kidogo kilicholehemewa kati ya miguu miwili.

Kutengeneza mota

Mota hizi ni za sumaku na kaboni mbili, si kitu cha kuogopa. Kinachokufa ni kimoja kati ya viwili: kaboni au bushi. Kutengeneza kunalipa pale tu mhimili haujalika na gurudumu la feni halijavunjika.

Kabla ya kugusa kitu chochote pale, toa terminali hasi ya betri na usubiri sekunde 90, kwa sababu eabegi ya abiria iko karibu na soketi zake za njano hazitakiwi kuchezewa. Mota imeshikwa na skrubu tatu. Ya tatu mara nyingi imejificha upande wa ndani, na ndiyo inayowafanya watu wavunje kibanio. Chora alama ya mota ilivyokaa, kwa kuwa bomba dogo la kuipoza lina upande wake.

Kaboni za kuweka ziwe za mota ya volti 12. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: wanachonga kaboni ya drili ya umeme wa nyumbani mpaka ienee. Ile imetengenezwa kwa volti 220, ina ukinzani mkubwa, na kwenye volti 12 mota itazunguka kivivu huku kaboni ikichemka. Kaboni sahihi ina shaba ndani, ukiitazama kwenye jua ina rangi nyekundu-nyekundu. Iteleze kwenye nyumba yake bila kubana wala kuyumba. Komyuteta, ile sehemu ya shaba inayoguswa na kaboni, isuguliwe kwa msasa laini wa 400 hadi 600, kisha vumbi la shaba lililo kati ya vipande litolewe kwa ncha ya kijiti.

Bushi ni za shaba zenye vitundu vinavyonyonya oili. Zinataka matone mawili matatu ya oili nyepesi ya mashine, ziachwe zinywe. Grisi haiingii kwenye vitundu hivyo, na dawa ya kulegeza kutu inaosha oili iliyobaki. Mlio unapotea siku nne, ukirudi unarudi na hasira. Mhimili ukicheza huku na huku ukiutikisa kwa vidole, oili haitasaidia. Gurudumu nalo likikosa jino moja linatikisika na kula bushi mpya.

Kazi hii inakula nusu siku. Ukipewa bei ya matengenezo inayozidi nusu ya bei ya mota safi ya mtumba, mwache fundi na kaboni zake.

Mota ya mtumba au mpya

| | Mtumba kutoka Japani | Mpya ya kuiga | Mpya halisi |
|---|---|---|---|
| Kupatikana | Gerezani na Kariakoo, Grogan Nairobi, Kisekka Kampala | Karibu kila duka la spea | Kwa kuagiza mara nyingi |
| Kutoshea | Kamili, kama namba ya modeli ni ileile | Matundu hugoma mara nyingine | Kamili |
| Cha kuogopa | Bushi zilizolika usizoziona | Gurudumu lisilo na mizani, ampia nyingi | Bei |
| Upime wapi | Dukani, kwenye betri, kabla ya kulipa | Dukani na baada ya kufunga | Baada ya kufunga |

Kwa gari la familia, maoni yetu ni mtumba safi, ule unaokuja na boksi zima la feni lililong'olewa kwenye gari. Ukipata boksi zima unapata na resista na soketi isiyoungua kwa pamoja, na soketi nzima peke yake inastahili nusu ya hela. Zungusha gurudumu kwa kidole: liendelee kidogo kisha lisimame taratibu, lisikwame ghafla. Sukuma mhimili pembeni. Tazama kama kuna mstari wa kutu, maana yake maji ya chini ya waipa yaliingia ndani, na kama ilikunywa maji Japani itakufa Tanzania. Kisha iunge kwenye betri ya duka dakika mbili, si sekunde mbili. Harufu inachukua muda kutoka.

Kwa Noah ya abiria inayowasha feni kuanzia alfajiri hadi usiku, mtumba haufai. Mota iliyokwisha nusu ya maisha yake kwenye kazi nyepesi itamaliza nusu ya pili kwa miezi. Hapo weka mota mpya na resista mpya siku moja.

Mitego miwili kwenye kununua. Wa kwanza ni mwelekeo: mota ya gari la usukani wa kushoto inaweza kuzunguka kinyume na yako ingawa matundu yanalingana. Feni hizi zikizunguka kinyume bado hutoa upepo, ila dhaifu, kwa hiyo unaweza kufunga mota mpya kabisa ukalaumu filta. Geuzo hilohilo hutokea fundi akibadilisha nyaya mbili za soketi kimakosa. Wa pili ni urefu wa mhimili: milimita tano pungufu na gurudumu linasugua kifuniko.

Swichi ya moja kwa moja

Utaipata hii bila kuiomba: waya kutoka kwenye betri, swichi ndogo chini ya usukani, feni inapiga spidi ya juu tu. Usiruhusu, isipokuwa ya kukufikisha nyumbani. Swichi ya taa haibebi ampia 18. Bila rilei inayofuata ufunguo, ukiisahau ikiwa inawaka, betri ya 45 Ah inakwisha kama saa mbili na nusu. Na kwenye Toyota nyingi, AC hairuhusiwi kuwaka mpaka kidhibiti kione feni imewashwa kwa njia yake ya kawaida, kwa hiyo unaweza kuwa na upepo mwingi usio na baridi, na hapo utaanza kutozwa pesa ya gesi.

Feni ya nyuma na baada ya kufunga

Noah zenye AC ya nyuma zina mota nyingine na swichi yake. Hiyo ikifa peke yake, vipimo ni vilevile, ila usinunue mota ya mbele kuiweka nyuma, gurudumu halifanani. Ikiwa ya mbele imekufa na ya nyuma inapuliza hewa ya moto, usianze na gesi: tengeneza ya mbele kwanza, kisha uone kama kompresa inashika.

Ukimaliza, washa injini, weka spidi ya juu dakika kumi, kisha shika soketi ya mota na ya resista kwa mkono. Vuguvugu ni kawaida. Ukishindwa kushika kwa sekunde tano, kuna pini inayochemka. Itoe siku hiyohiyo, kabla droo haijarudishwa.